Majina Yaliyoitwa Ukumbini

Regina, Kanada

Mdogo wangu Simiyu,

Nakusalimu wewe na nyumba yako yote hapo Bahati. Je, goti lako limetulia? Na mvua, imewakuta mmeshapanda? Mimi ni mzima, isipokuwa baridi ya huku, ambayo miaka yote hii sijaizoea.

Nakuandikia kwa sababu ya mwanao Wafula. Najua umesema hutaki habari zake, kwamba mzee wa kanisa hawezi kuwa na mtoto anayepiga kelele na gita la umeme. Basi nisikilize mimi.

Amenitumia DVD ya tamasha lake la roki. Hakuna kampuni iliyomsaidia. Alikodi kamera mwenyewe, moja akaiweka juu ya kreti za mkate, na kila akitoka zamu kwenye mitambo ya umeme kule Olkaria alijifungia chumbani kukata na kuunganisha picha. Niliiweka kwenye televisheni kwa heshima tu, sauti nikaipunguza. Kufikia wimbo wa pili nilikuwa nimeiongeza. Sikujua gita linaweza kunguruma vile, kisha likanong'ona.

Halafu akausimamisha muziki. Ukumbi ule wa Nakuru umejaa vijana wenye fulana nyeusi, naye anawaambia, "Ngojeni. Kwetu mtu hasemi mbele za watu kabla hajajitaja."

"Boss, hapa si matanga! Piga gita!" mmoja akapaza sauti, wote wakacheka.

"Gita haliendi mahali. Mimi ni Wafula, wa Simiyu, wa Makokha aliyelima Ndabibi."

Nilishika mkono wa kiti. Mwaka ule tulipofukuzwa Ndabibi, mama alitukanya tusilitaje jina la baba njiani, maana jina peke yake lilitosha kumwonyesha mtu sisi ni kabila gani. Wewe ukaishia Bahati, mimi nikazidi kwenda hadi huku.

Lakini sikia kilichofuata. Msichana mwenye kipini puani akapanda juu ya kiti: "Wambui, wa Kamau, wa Njoroge!" Kutoka nyuma kabisa: "Kiprono, wa Cheruiyot, wa Koech!" Mwingine akateta, "Na mimi mnaniruka? Achieng', wa Otieno, fundi wa reli!" Wakawa wanasukumana kujitaja, huku mpiga ngoma akilipa kila jina pigo lake. Watoto wa watu waliofukuzana, Simiyu, wanawaita baba zao ndani ya ukumbi mmoja. Mjukuu wangu, ambaye Kiswahili chake ni cha kuokoteza, aliniuliza, "Kukhu, wanaomba?"

Mtengenezaji mwingine angeikata sehemu hiyo, kwa kuwa muziki umesimama na kamera inatikisika. Yeye ameiacha yote.

Sasa jambo lenyewe. DVD zote zimekaa kwenye katoni chumbani kwake, hajauza hata moja. Nilipompigia aliniambia, "Shangazi, jina ni la Baba. Aione kwanza. Akisema hapana, naitoa hiyo sehemu."

"Uza, wewe! Mimi shangazi yako nimekuruhusu."

Akacheka, akakataa. Nayo nakala aliyokuletea, mama yake ameniambia iko kabatini, karatasi yake haijaguswa.

Sikuombi uupende muziki. Ukikushinda, zima sauti utazame nyuso. Ila usiseme hapana kabla ya kuona. Ukimwambia akate, atakata siku hiyo hiyo. Ana utii huo, na ndio unaonitia hofu. Jina la baba yetu limetajwa kwa sauti kubwa katika Bonde la Ufa, na hakuna aliyekimbia. Sikutarajia kuliona hilo nikiwa hai.

Nisalimie mkeo Nekesa, na umwambie akae karibu nawe mkiitazama. Nisalimie pia mchungaji wenu, na yule jirani mshonaji aliyekupokea ulipofika Bahati mikono mitupu.

Kisha umpigie mwanao simu. Wewe mwenyewe, si mama yake.

Dada yako akupendaye,
Nasimiyu