Urojo kwenye kanzu ya Baba

Ijumaa. Jua kali tangu asubuhi, na sijawahi kulishukuru jua kama leo.

Leo kaka yangu Nassor ameoa, huko Mtoni, baada ya sala ya alasiri. Alivaa kanzu ya marehemu Baba, ile yenye darizi shingoni, ambayo Mama ameitunza sandukuni miaka sita. Nassor hakutaka nyingine. Kazi yangu ilikuwa moja tu: kuipiga pasi, kisha nimpelekee Mama aifukize udi.

Niliipiga pasi vizuri. Kisha njaa ikanishika, nikakaa pale pale mezani na bakuli la urojo.

Najua. Usiniambie.

Bajia ilitumbukia, urojo ukaruka, matone matatu ya njano yakatua kifuani mwa kanzu. Mwenye akili zake angemwita mama yake. Mimi niliikimbiza bombani juu ya paa, nikaisugua kwa sabuni ya mche. Matone yakageuka mekundu. Ungesema mtu kachinjia kuku juu yake. Nikazidisha sabuni, wekundu ukazidi. Niliuona uso wa Mama, nikamwona Nassor akienda kwa wakwe zake na shati la kazini.

Mama akaita kutoka chini. Chetezo kishawaka, kanzu i wapi?

"Naam, Mama. Nnaimalizia," nikajibu. Uongo huo nao nauandika hapa.

Sasa aibu yenyewe. Mimi ni mwalimu wa kemia.

Kilichonizindua ni kucha zangu. Nazo zilikuwa nyekundu, vile vile kama wiki iliyopita maabara. Karatasi za kupimia asidi zilikuwa zimetuishia, nikawachemshia wanafunzi wangu wa kidato cha pili bizari ya manjano, tukachovya vipande vya karatasi nyeupe. Maji ya sabuni, ambayo ni besi, yaliigeuza karatasi ya njano ikawa nyekundu. Tukaidondoshea maji ya ndimu, ambayo ni asidi, ikarudi njano. Asidi na besi zikikutana kwa kiasi chake huvunjana makali, niliwaambia, na kwa majivuno nikaongeza kwamba kemia imo jikoni mwa mama zenu. Na urojo unapata wapi rangi yake kama si kwenye manjano? Kumbe kusomesha ni kitu kimoja, na kukumbuka ukiwa na hofu ni kitu kingine.

Nikaisuuza sabuni, nikakamua ndimu mbili. Wekundu ukaondoka mbele ya macho yangu. Nililia kidogo, sioni haya kusema.

Njano ilibaki, lakini rangi ya manjano haina ubavu mbele ya jua. Nikaianika kanzu na kukaa pembeni yake nikifukuza kunguru. Saa nane nilitafuta matone yale nisiyaone tena. Nikaipiga pasi upya, nikampelekea Mama. Aliinusa kabla ya kuitandaza juu ya chetezo, akaniangalia. Nikashusha pumzi. Nilidhani nimepona.

Baada ya nikaha Nassor alipita nyumbani kumbusu Mama mkono. Alipoinama, ukingo wa mkono wa kanzu ukakunjuka, na kwa ndani, mahali pasipofika jua, nikaona doa dogo la njano lililofifia. Nikajua kuna tone limenipita. Nilikurupuka kwenda jikoni kutafuta ndimu.

Mama akanishika.

"Hilo liache," akasema. "Lako nshalijua tangu mchana, kanzu nzima inanuka ndimu. Hilo la baba yako."

Nassor aliutazama ukingo ule, akaukunja tena taratibu, doa likabaki ndani kwenye kifundo cha mkono wake.

Miaka yote ile Mama ndiye aliyekuwa akimfulia Baba, na Baba hakuwa mtu wa kula urojo kwa uangalifu. Madoa mangapi aliyatoa kwa ndimu na jua, bila maabara na bila mwalimu, na moja akalibakisha? Nami nilidhani namficha kitu.

Jumatatu nitawasimulia wanafunzi habari ya sabuni, wanicheke hadi watosheke. Nikifika kwenye ndimu, nitawaambia kwetu kuna mtu alijua kabla yangu.