Inchi Mbili za Kiunoni

Nyumbani, chumba cha cherehani,
Jumapili, 9 Juni.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi. Hali yako? Magoti bado yanakusumbua kazini, au hatimaye wamekupa kiti? Na kikohozi cha shemeji kimeisha? Huku mwanao ni mzima. Naanza na hilo usije ukashtuka, maana barua hii si ya kuchekesha kama zile nyingine.

Mficha uchi hazai, kwa hiyo nauweka wazi. Nimemkosea mwanao.

Kile kitambaa cha buluu ulichonitumia nimshonee gauni la mahafali, nilimpima vizuri, nikaandika vipimo kwenye daftari. Nilipokaa kukata, nikapunguza inchi mbili kiunoni kwa makusudi. Nilijiambia gauni litamtia adabu, atapungua. Miaka thelathini nashona, sijawahi kumkatia mteja nguo isiyomwenea. Nimekuja kumkatia mtoto wetu.

Siku ya kulijaribu, zipu ikagoma. Mdogo wangu, mtoto akaniomba msamaha. Akasema, "Mama mkubwa, nisamehe, nimenenepa, nimekuharibia kitambaa." Nami nikamjibu si kitu, ajitahidi kidogo. Naandika haya uso unaniwaka.

Akaacha chakula cha asubuhi, kisha cha mchana, nami nikamsifu. Wiki ya nne akaanguka darasani. Muuguzi aliniuliza mara ya mwisho alishiba lini. Na mimi ndiye ninayempakulia.

Jioni ile nikamweleza ukweli. Hakulia. Alilikunja lile gauni, akaniwekea juu ya cherehani.

Sijitetei. Ila wewe unakumbuka nyumbani nilivyoitwa Pipa, na wewe Sindano, tukacheka sote. Mimi nilikuwa nacheka kwa meno tu. Tangu enzi hizo nakula nimesimama jikoni, vijiko viwili viwili, nisionekane naongeza. Nilitaka mwanao asiitwe hivyo, na mimi nikawa wa kwanza kumwona hivyo.

Sasa anakula, pole pole. Kanipa sharti: hagusi sahani mpaka nami niketi. Basi naketi. Juzi niliongeza mchuzi mbele yake kama mwizi, naye akajifanya hakuona.

Gauni nimelifumua, nimeunga vipande pembeni. Alikataa nimpime. Alijipima mwenyewe mbele ya kioo, akanisomea namba moja moja, kisha akasimama kando yangu mpaka mkasi ulipofika mwisho. Nilistahili hilo.

Yeye anasema atabaki. Lakini mama ni wewe, na ulinikabidhi mtoto anayejipenda. Ukisema arudi, nitamfungia mizigo mwenyewe na sitabisha.

Wasalimie shemeji na shangazi. Shemeji msomee barua yote, usinifichie aibu. Mungu awalinde, na moyo wako aulainishe kwa wakati wake, si kwa haraka yangu.

Dada yako akupendaye,
aliyekukosea.