Mkono wa Kulia wa Bibi

Gongoni, Tabora
2 Juni 2025

Kaka Awadhi,

Assalaam aleikum, na shikamoo. Sisi wazima, ila vidole vya Bibi ndiyo vile, havishiki hata kijiko. Kifua chako kimepoa? Naandika barua kwa sababu nikipiga simu Bibi anasikia kila neno.

Mkono wa roboti uliomtengenezea umefika salama na basi. Niliufunga mezani ulivyoelekeza. Bibi akasukuma kile kijiti cha kuuongozea kwa kiwiko, kijiko kikachota wali, kikamfikia mdomoni. Akageuza uso.

"Bwana huyu ana mkono mmoja tu, na huo mmoja ni wa kushoto! Nilishwe kwa kushoto nyumbani kwangu?"

Ni kweli, Kaka. Mkono wako unakaa kushoto kwake.

Nimechaguliwa kidato cha tano, bweni, Kigoma. Tunaripoti Julai. Bibi sijamwambia. Mama anashinda sokoni. Nikiondoka, mchana nani atamlisha? Akiukataa mkono huu, siendi.

Mdogo wako,
Asmahani

Arusha
9 Juni 2025

Mdogo wangu,

Waaleikum salaam, marahaba. Kifua kimepoa, baridi ndiyo haijapoa. Hongera sana! Nimeitangazia karakana nzima.

Mimi niliyechapwa na Bibi kwa kupokea chapati kwa kushoto, nimewezaje kusahau? Siku naondoka alinilisha tonge kwa mkono wake wa kulia, kama alivyomlisha kila msafiri wa nyumba ile. Vidole vilikuwa bado vinakunjuka.

Fungua skrubu, uhamishie kulia, uchomeke kadi ndogo iliyomo kwenye bahasha hii, humo nimeupanga upya mwendo wake. Na mwambie Bibi habari za shule. Hang'ati.

Kaka yako,
Awadhi

Gongoni
18 Juni 2025

Kaka,

Shikamoo. Hujambo na baridi? Bibi amekula! Wali, matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, hata mlenda, ingawa huo ulimfika kidevuni. "Sasa bwana huyu amefundwa," akasema.

Habari za shule nilimwambia nikiwa jikoni, yeye sebuleni, ili asinione uso. Tangu siku hiyo mkono umeharibika. Kijiko kikijaa kinampita Bibi, kinakwenda pembeni, kinamwaga mkekani. Nafuta, kinamwaga tena. Nikimuuliza ananiambia, "Tuache mimi na bwana wangu." Nadhani hataki niende. Bora nibaki.

Asmahani

Arusha
25 Juni 2025

Mdogo wangu,

Marahaba. Mimi mzima. Usiandike tena habari ya kubaki. Mkono huo hauna akili yake, unakwenda kinakotaka kiwiko cha Bibi. Kesho weka tambara chini. Keti palepale kijiko kinapomwaga, utulie.

Awadhi

Gongoni
3 Julai 2025

Kaka,

Shikamoo. Wazima wote, na Bibi anakusalimu mno.

Niliketi. Bibi akatoa ncha ya ulimi kama mtoto anayejifunza kuandika, akasukuma kijiti polepole. Kijiko kikaja kwangu, kikanigonga pua.

"Achama, mke mwenza! Siku zote hizi najifunza, wewe unanifukuza na tambara lako. Nani amewahi kutoka nyumba hii bila kulishwa na mimi?"

Nikaachama. Nilikuwa nalia, wali ukanipalia, Bibi akacheka mpaka kiwiko kikateleza, kijiko cha pili kikaniishia shingoni. Mchana akala mwenyewe, sahani nzima, akanifukuza nikafungashe.

Treni ya Kigoma ni kesho. Nimeshalishwa.

Mdogo wako,
Asmahani