Madame Régine alikohoa tu

Alliance, uko? Jibu mbio. Nasikia haya na tena naogopa.

Madame Régine, direkta wetu wa mupya, alikohoa mu reunion asubui. Kukohoa tu! Vumbi ya barabara iliingia ku dirisha.

Siye wote tukasimama. Batu wazima, wima kama banafunzi ba primaire!

Weye unajua sababu. Wakati ya muzee Théodore, direkta wa zamani, akikohoa mu koridor, asiyesimama anapoteza konji yake ya mwaka. Sasa magoti inajisimamia yenyewe.

Madame anatuangalia: «Kuko nini?»

Siye tunanyoosha migongo zaidi. Utamwambia nini?

«Basi mukae.»

MUKAE! Ni vile Théodore alikuwa anatupima. Mwenye kutangulia kukaa, njo ataosha jeep yake siku ya Mungu. Nani atakaa?

Anacheka kidogo: «Mukae, tafazali.»

Tafazali! Chef gani anasemaka tafazali, Alliance? Fiston, mwenye kusimama pembeni yangu, ananiambia ku sikio: «Huyu ni mubaya kupita ule wa zamani.» Na mi naona vile. Mutu hawezi kuwa muzuri bure.

Akasema: «Bon, nitarudia mukisha kukaa.» Akatoka, akafunga mulango pole pole. Ile pole pole njo inanitisha.

Sasa tunamuona ku dirisha, kule ngʼambo ya barabara. Anakunywa chai, anacheka na mama muuza chai, hata hageuke kutuangalia.

Fiston anasema ni mutego.

Ma chère, niko nakuandikia wima.