Mluzi Ndani ya Nyumba

Mboni, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Kabla ya kupambazuka nilisikia mluzi mwembamba humu ndani, nikakukemea: "Acha, unaita nyoka." Ukanijibu, "Sijapiga mimi, bibi." Sikukuamini, nawe ukachukua ndoo ukaenda kisimani umenuna.

Ulipokwisha toka, mluzi ukaendelea.

Niliufuata gizani mpaka kitandani kwa mama yako. Alikuwa ameketi, midomo ameifumba, na mluzi ulitoka kifuani mwake. Ni ule ugonjwa wa titi alilokatwa mwaka jana. Bwana Mganga wa Kiingereza kule Lindi alituonya kwamba waweza kuhamia kwenye njia ya pumzi. Sasa umehamia. Nisamehe, mjukuu wangu, ulisema kweli.

Tumepata lori la Abdurahmani, yule mchukuzi wa korosho, tunampeleka mama yako hospitali Lindi. Mwenye lori amepanda nyuma juu ya magunia ya korosho ili mama yako akae mbele. Ukimwona, mwamkie vizuri.

Mihogo imo chunguni. Kuku wafungulie.

~~Dirisha la mama yako lifunge, mluzi usije ukaita kitu.~~

Liache wazi. Akirudi atataka hewa.

Sauti yake imekauka. Ameninong'oneza nikuandikie: Jumapili uje wodini kumtazama, na Jumapili inayofuata uje tena. Ukifika mlangoni usimwite, hataweza kuitika. Nyamaza usikilize mluzi, kisha uufuate. Ndiye anayekuita.

Bibi yako,
Romana