Tambuu ya Shavu la Kushoto

Ng'ambo, Unguja
Jumapili, baada ya alasiri

Mama yangu Bi Raya,

Shikamoo mama, na assalaamu alaykum. Nakuuliza hali yako kabla sijaeleza yangu, na leo nauliza kwa dhati, si kwa desturi ya barua. Unaendeleaje, unakula nini, na unatafuna kwa upande gani? Hilo la mwisho usilicheke. Ndilo lililonikalisha chini kuandika.

Utaona nimeandika kwa herufi za Kiarabu za chuoni, zile ulizonifundisha mwenyewe juu ya ubao kwa wino wa masizi. Barua zilizopita niliandika kwa herufi za Kizungu, na kaka Hamadi ndiye aliyekusomea. Hii nataka uisome peke yako, mlango ukiwa umerudishwa. Mkono wangu umesahau kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo penye wino uliomwagika unisamehe.

Nianze kwa kukiri kwamba barua zangu mbili za mwanzo zilikuwa za uongo. Nilisema nipo raha mustarehe, nimezoea, nina mashoga wa kuzungumza nao. Sina shoga hata mmoja. Mwenye nyumba ninayokaa, Bi Time, ni mjane mwema lakini masikio yake yamekwisha. Nikimwamkia huitika marahaba, na jambo jingine lolote nitakalomwambia hujibu alhamdulillahi. Juzi nilimwambia paa linavuja juu ya kitanda changu, akanijibu alhamdulillahi na kunipa ndizi. Bombani wasichana hunicheka kwa maneno yangu ya Kipemba, basi siku hizi najaza ndoo yangu kimya na kuondoka. Nikipika wali wa mtu mmoja huungua, nikiongeza maji huwa uji. Wenzangu wanne darasani ni wanaume. Tukitoka, wao huenda zao barazani kunywa kahawa na mimi hurudi chumbani. Siku nyingine sauti yangu mwenyewe naisikia kwa mara ya kwanza pale ninapoitwa jina darasani na kuitika naam. Nilitaka ujue hayo, maana nimechoka kuwa na raha ya kwenye karatasi.

Sasa kazi. Najua watu huko wanakuuliza kama mwanao ameshakuwa mng'oa meno. Waambie hapana. Tunasomeshwa kuyatunza meno yasifike pa kung'olewa. Miezi ya mwanzo tulishughulika na meno ya chokaa nyeupe yaliyogandishwa kwenye taya za mbao, nami niliyajua hata kwa kuyapapasa nimefumba macho. Kisha mwalimu wetu, Mzungu mmoja mrefu tunayemwita Daktari, akatwambia hayo yamekwisha.

"Anayekuja hapa ameshika shavu, tumeshachelewa naye," alisema. Kiswahili chake kinachechemea lakini kinafika. "Sasa tunakwenda kwa wale ambao hawajashika shavu. Mgonjwa wenu mpya ni kijiji."

Wenzangu wakacheka. Mimi nilikuwa nawaza kijiji kizima utakiamkiaje. Akatueleza kwamba tutatazama vinywa vya watu wote, wazima kwa wagonjwa, na tutauliza wanakula nini, wanakunywa maji ya wapi, wanapiga mswaki kwa kitu gani na nani anatafuna nini. Kila mtu atakuwa na karatasi yake, na kutoka kwenye karatasi hizo tutajua kijiji kinaumwa wapi. Mama, nililipenda jambo hilo. Nilikuwa nimechoka na meno yasiyo na mwenyewe.

Tukapelekwa Makunduchi, kusini kabisa. Wenzangu walikaa skuli wakatazama wanaume na watoto. Wanawake hawakwenda. Mwanamke gani wa heshima atakwenda kuachamia kijana asiyemjua? Basi mimi nikawekwa uani kwa mkunga wa kijiji, na hapo wakaja, mmoja mmoja, wakinitazama kwanza kabla sijawatazama. Maneno yao ya kwao nilikuwa nakamata nusu, nusu nyingine nakisia.

Daktari aliruhusiwa kuingia kuona ninavyofanya. Bibi wa kwanza alipofungua kinywa, chekundu kote, Daktari alishtuka akaanza kuandika kwamba ufizi unatoka damu. Nikamwambia, "Siyo damu, Daktari. Bibi anakula tambuu." Wanawake wote wakacheka, na yule bibi mwenyewe zaidi, na Daktari akacheka akakata alichoandika. "Leo Zuwena ndiye mwalimu," alisema. Kichwa kilinivimba, sikufichi. Tangu nishuke melini ilikuwa mara ya kwanza mtu kunihitaji.

Sheria yetu ilikuwa kwamba kabla ya kutazama, kila mtu asukutue kwa maji. Watoto wanasukutua, hakuna tabu. Lakini mama, ningemwambiaje mwanamke wa umri wa bibi yangu kwamba ateme tambuu yake, na huku ameshanikaribisha kwa kijaluba chake cha tambuu? Wewe hukunilea hivyo. Nikaona haya. Nikatazama hivyo hivyo, pembeni mwa tambuu, kama mtu anayefagia na kuruka palipokaa wageni.

Palikuwa na Bi Mize, mwembamba, mcheshi, anayesuka ukili bila kuutazama. Alinikunjia jani la tambuu kwa mkono wake, akatia popoo na chokaa kidogo, akanitilia kinywani.

"Mwanangu, wa wapi wewe?"

"Wa Wete, Pemba."

"Umetoka mbali. Nani anakupikia?"

"Nnapika mwenyewe."

"Basi huli," alisema, na hakungoja jibu. Akafungua kinywa kidogo tu, nikapitisha tochi, nikaona wekundu niliouzoea tangu utotoni, wekundu wa kinywa chako. Nikaandika kwenye karatasi yake: Tambuu, hana kitu. Nilikuwa na furaha siku ile, na nilipokuwa narudi mjini garini nilikuwa bado naisikia ladha ya ile tambuu.

Tulirudi baada ya mwezi. Bi Mize alinipokea kwa chai na mihogo ya kukaanga, kwa sababu alikwishaamua kwamba mimi sili. Nikamwona anautafuna mhogo kwa upande wa kulia tu, na pilipili aliyonisagia mimi yeye hakuigusa. Nikamuuliza.

"Inaniwasha siku hizi," alisema. "Una dawa?"

Nikamwambia, na macho nimeyainamisha, kwamba nitamwomba ateme tambuu na asukutue. Nilingoja anikasirikie. Akatema pale pale, akachukua kata ya maji.

"Mbona hukusema siku ile?" aliniuliza. "Ningetema."

Alisukutua mara tatu, kama anayetia udhu. Nilipolivuta shavu la kushoto kwa ndani, pale ambapo tambuu yake hukaa, palikuwa na weupe kama utando wa maziwa, na katikati kidonda. Nilipokigusa ukingo wake ulikuwa mgumu. Nikamwita Daktari. Bi Mize alijifunika kanga kichwani akabakisha kinywa tu, mkono mmoja ameshika wangu. Daktari akamuuliza tangu lini, akajibu tangu mfungo mosi, na safari yetu ya kwanza kwao ilikuwa mfungo pili. Hesabu ni nyepesi, mama. Siku ile niliyoandika hana kitu, kilikuwapo.

Daktari hakunigombeza mbele ya watu. Garini ndipo alipoiomba ile karatasi, akaisoma mpaka tumepita mashamba. Kisha akasema, "Mimi niliona damu mahali pa tambuu. Wewe uliona tambuu mahali pa damu. Kosa langu halikumdhuru mtu." Wenzangu wanne walitazama nje. Nimeyarudia maneno hayo kila siku tangu hapo, na kila nikiyarudia naona hakunionea. Mgeni hakijui kinywa cha tambuu, na mimi ninakijua mno.

Wanawe Bi Mize walibishana kama aletwe hospitali mjini. Akasema atakuja iwapo nitakaa naye. Akaja, na kile kidonda kimekatwa. Madaktari wanasema kama tungekiona mwezi ule kingekuwa kidogo, na hawajui bado kama wamekimaliza. Kila alasiri nakwenda kukaa kitandani kwake. Shavu limefungwa, hawezi kusema, basi mimi ndiye ninayesema. Namweleza Wete, namweleza wewe. Yeye hunifinya kidole. Huyo ndiye shoga yangu mmoja niliye naye Unguja, na nimempata kwa kumkosea.

Sasa nakuja kwako mama.

Wiki ile kabla ya safari yangu, ulikuwa jikoni unakuna nazi. Ulikuwa na tambuu shavu la kushoto, pake pa siku zote. Nikakuona umesita, umekunja uso, umeihamisha kwa ulimi kuipeleka kulia. Na mchuzi wa pweza siku ile haukuwa na pilipili, wewe unayetia pilipili mpaka majirani wanapiga chafya. Nikakuuliza, ukaniambia, "Uzee huo, mwanangu." Nikaamini, kwa kuwa nilikuwa na sanduku la kufunga na machozi ya kuficha. Sikuuliza tena. Nilisita kwako kama nilivyosita kwa Bi Mize, na wewe ulikuwa wa kwanza.

Nimetazama vinywa vya nusu ya wanawake wa Makunduchi. Kinywa kilichonitafunia wali nikiwa sina meno, sijakitazama. Sijui kuna nini ndani yake, na kutojua huko kunaniuma kuliko upweke wote niliokueleza hapo juu.

Kwa hiyo nakuomba hivi. Ukishaisoma barua hii, kesho yake jua likishatoka, kaa kwenye mlango wa uani uelekee mwanga. Chukua kile kioo changu nilichokiacha kwenye msumari. Toa tambuu, sukutua mara tatu, vuta shavu la kushoto kwa kidole na utazame. Kisha papasa kwa kidole kingine, polepole, kuanzia pembe ya mdomo mpaka nyuma. Tazama kama pana weupe usiofutika, au kidonda, au pagumu. Ukipaona usiseme ni chokaa imekuchoma. Usiende kwa mtu akupake kitu. Na usikae kungoja kaka Hamadi aniandikie, kwa sababu barua itakuja na jibu litarudi na siku zitakuwa zimekwenda. Panda meli ya kwanza, kaka akusindikize. Nitakuwa bandarini kila meli ya Pemba inapoingia, tangu wiki hii. Nimeshaomba ruhusa.

Ikiwa hapana kitu, nicheke. Niite daktari wa tambuu, uwahadithie na jirani zako wote, nami nitafurahi kuchekwa na watu wanaonijua.

Na tambuu nakuomba uiweke kando mpaka nikuone. Najua ninachokuomba. Tangu baba afariki na mimi niondoke, kijaluba ndicho unachozungumza nacho. Mwanzo nilikuwa nadhani ni mimi tu niliyebaki peke yangu katika safari hii. Sasa nikikaa na Bi Mize nafikiri jinsi unavyokunja jani moja, na hapana wa kumkunjia la pili.

Nisalimie kaka Hamadi, msomaji wangu, asione vibaya kwamba hii imempita. Nisalimie shangazi Fatma, msusi wa mikeka, mwambie ule alionipa ndio ninaouswalia. Nisalimie mjomba Khamis aliyenibebea sanduku mpaka gatini na kujidai kwamba ni jasho linalomtoka machoni. Na mtoto wa kaka, aliyeng'oka jino la mbele, kama bado hajalitupa juu ya paa aniwekee nilione.

Nimalizie na jambo la chumba. Kitanda changu ni cha kamba, kipana kuliko haja yangu. Bi Time anasema walikuwa wakilala watatu. Tangu nifike nalala ukingoni, na upande wa ukutani sijaugusa. Nimeutandika shuka safi na kila Ijumaa naibadilisha, sijui kwa ajili ya nani. Leo nimejua. Ukiwa na kidonda, njoo. Na ukiwa huna, mama, njoo vilevile.

Mwanao anayekungoja bandarini,
Zuwena