Tembo wa Madame Vera

Kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, 12 Mei 2001

Yaya yangu mpenzi, kaka yangu mkubwa Épitace,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Uniambie kama goti lako limepona, na kama shemeji Gertrude amejifungua salama. Mi niko muzima, batoto bamezoea nsima, ugali wa huku, na kazi ya kutengeneza saa inatulisha.

Njo kazi hiyo imeniletea mambo. Mwezi uliopita niliitwa Lilongwe, mtaa wa Area 47, kwa mama mmoja mzungu, mzee sana, Madame Vera. Alifungua kitambaa akanionyesha tembo asiyezidi kidole gumba: mwili wa jiwe la kijani, macho ya almasi, mkanda wa dhahabu tumboni. Alinieleza kwa Kifaransa kwamba mwanamfalme wa Urusi aliwaagiza masonara wamtengeneze, akampa nyanya wa huyu mama zawadi ya Pasaka. Zamani ukimtia ufunguo alitembea. Sasa ufunguo umepotea, na alitaka nichonge mwingine.

Nilimfungua palepale mezani, saa sita mchana. Yaya, springi ilikuwa imekatika vipande viwili. Nikamfunga, nikamsimamisha mbali nami. Akatembea. Alikuja polepole mpaka kwenye mkono wangu, akasimama. Nikahamia upande wa pili wa meza. Akageuka, akanifuata.

Madame Vera hakushtuka. Alisema nyanya yake, walipokimbia vita vya kwao, alimficha tembo huyo ndani ya nywele, akamwacha mama yake mgonjwa kitandani. Tangu siku ile tembo alimwendea yeye tu, mpaka alipokufa. Kisha akaniangalia sana, akauliza:

“Na wewe, ulimwacha nani?”

Nilikusanya vyombo vyangu nikatoka, na sijarudi tena. Lakini wewe nakujibu.

Nilikudanganya kwamba Baba alikufa mikononi mwangu na kwamba nilimzika. Mwaka ule wa 1996, tulipokimbia vita, kwenye migomba juu ya Nyangezi, miguu yake ilikataa. Aliniomba maji. Nikamwambia nakwenda mtoni. Mtoni nilifika, chupa nikaijaza. Risasi zikalia, nikashika njia ya Uvira. Maji yale niliyanywa mwenyewe.

Sijui kama alikufa, yaya. Nenda uwaulize wenye mashamba kule kama walimwokota mzee mwenye koti la kahawia. Ukipata kaburi, ukipata mtu, niandikie. Na kama hutaki kuniandikia tena, nitakuelewa.

Lucie, mke wangu, anawasalimu nyote. Barua hii nitamsomea yeye kwanza, maana naye hajui, kabla sijaifunga.

Mdogo wako,
Norbert